Jimbo la Barabara Kuu

Barabara kuu namba 85 naijua kwa harufu, mwanangu. Mwanzoni mwa miaka ya 90 nilikuwa dereva wa gari la mikate mjini Greensboro, North Carolina, na kazi yangu ilianza wenzangu wakiwa wamekwisha kulala. Saa sita ya usiku tulipakia makreti, mikate bado inafuka, harufu ya hamira inaingia mpaka kwenye nywele, kisha nikashika njia ya kusini. High Point na Thomasville zilinuka vanishi na vumbi la mbao, kwa kuwa ndiko zilikokuwa karakana kubwa za fanicha. Lexington ilinuka moshi wa nguruwe wa kuchoma, nami nilipandisha kioo mpaka niipite. Charlotte niliiingia kabla ya alfajiri, majumba ya mabenki yamewaka taa juu na chini mtaani hakuna mtu. Zamu nyingine ilinipeleka upande wa pili, Durham, mji ambao tumbaku ilikuwa imeingia kwenye matofali yake hata baada ya viwanda kuanza kufungwa. Na nikirudi nyumbani, Mtaa wa East Market, nilipokewa na tumbaku tena, ya kiwanda cha sigara cha Lorillard, tamu na nzito, yenye kukaa kooni. Galoni ya petroli ilikuwa dola moja na senti kidogo. Kima cha chini cha mshahara kilikuwa dola 4 na senti 25 kwa saa. Stempu ilikuwa senti 29, nami nakumbuka bei hiyo kwa sababu mama mwenye nyumba yangu alizinunua nyingi kwa mkupuo, kwa ajili ya barua zake kwa wabunge.

Kutoka Durham hadi Charlotte ni mwendo kama wa maili 140. Miji mingine yote niliyokutajia iko katikati. Sasa tazama: kuanzia mwaka 1992, ncha zote mbili za safari zangu, Durham na Charlotte, na sehemu za miji ya njiani, ziliwekwa ndani ya jimbo moja la ubunge. Mbunge mmoja wa Washington, kwa watu waliotawanyika maili 160 kwenye ukanda ambao mahali pengine haukuzidi upana wa barabara yenyewe. Waliliita Jimbo la Kumi na Mbili. Nikisema jimbo, nakusudia jimbo la ubunge. North Carolina nitaitaja kwa jina lake, na bunge lake la ndani nitaliita Raleigh, mji linapokaa.

Yule mama mwenye nyumba alikuwa mwalimu mstaafu, mwanamke mweusi mrefu, mwenye miwani iliyofungwa mnyororo shingoni na vidole vilivyopinda kwa baridi yabisi. Nilimwita Bi Mkubwa, nikamweleza maana yake kwetu, akalikubali jina. Ijumaa alikaanga kambare kwa unga wa mahindi, na jioni hiyo majirani waliingia bila kupiga hodi. Ndiye aliyenifundisha siasa za kule, akiwa jikoni, mgongo amenipa, mafuta yanalia. Alinisimulia namna alivyojiandikisha kupiga kura akiwa msichana: sheria ilidai mtihani wa kusoma na kuandika, na mwandikishaji, Mzungu, alikuwa na hiari ya kuamua nani amefaulu. Akampa kifungu cha katiba asome kwa sauti. Akasoma chote. Akaambiwa aandike. Akaandika. Mwanamume aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, mkulima wa tumbaku, akakwama kwenye neno moja, akarudishwa. Bi Mkubwa hakumsahau yule mkulima. Alimtaja kila mwaka wa uchaguzi, kofia yake mkononi, akitoka mlangoni bila kugeuka.

Tena alinisimulia habari za George Henry White, mbunge mweusi aliyetoka North Carolina na kumaliza muda wake Machi 1901. Wakati huo Wazungu wa kule walikuwa wamekwisha kupitisha sheria za kuwanyang'anya weusi kura, na White alipoaga bungeni alisema kwamba watu wake watarudi siku moja. Baada yake hakwenda mwingine. Weusi walikuwa zaidi ya mmoja katika kila watu watano wa North Carolina, wanalipa kodi, wanakwenda vitani, na kwa miaka 90 hawakumpeleka mtu wao hata mmoja Bungeni Washington. Elimu hii Bi Mkubwa aliifundisha darasani zamani, wakati ambapo haikuwa kwenye vitabu vya shule.

Novemba 1990 nilimwona akilia mara ya kwanza. Harvey Gantt, aliyekuwa meya mweusi wa kwanza wa Charlotte, alikuwa akigombea Useneta dhidi ya Jesse Helms, na mpaka wiki za mwisho watu waliona kiti kinakuja. Kisha likatoka tangazo kwenye televisheni: mikono ya Mzungu inakunja barua ya kunyimwa kazi, na sauti inasema kazi ile imepewa mtu wa jamii ya wachache. Helms akashinda kwa asilimia kama 53 kwa 47. Kura za Useneta huhesabiwa North Carolina nzima, na weusi peke yao hawatoshi. Ndipo nilipoelewa kwa nini majimbo yalikuwa na uzito ule kwao: kwenye jimbo, mradi mipaka ikae sawa, wangeweza kutosha.

Sensa ya 1990 ikaipa North Carolina kiti cha kumi na mbili. Raleigh ilikuwa mikononi mwa Wademokrati, na Wademokrati wale wakachora ramani yenye jimbo moja tu la weusi wengi, kule kaskazini-mashariki. Wakati huo, kwa Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965, wilaya 40 kati ya 100 za North Carolina, yetu ya Guilford ikiwemo, zilikuwa chini ya uangalizi: ramani haianzi kazi mpaka ikubaliwe Washington. Wizara ya Sheria ikaikataa. Ikasema jimbo la pili linawezekana upande wa kusini-mashariki. Raleigh ikakubali jimbo la pili, lakini si kule, kwa kuwa kule kungewakosesha viti wabunge wao Wazungu waliokwishakaa. Wakalivuta kwenye barabara ya 85. Wakaokota mitaa ya weusi ya Charlotte, ya Winston-Salem, ya Greensboro, ya Durham, wakaiunganisha kwa uzi wa lami. Mchoro ule, mwanangu, wengi waliulaumu kwa sura yake na kuwalaumu weusi. Walioupinda walikuwa watu wanaolinda viti vyao, na weusi wakabebeshwa lawama za umbo.

Jumanne ya uchaguzi, Novemba 1992, nilitoka kazini saa mbili asubuhi nikamkuta Bi Mkubwa amevaa koti lake la kanisani na glavu nyeupe. Nilikuwa bado sina uraia, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kuendesha. Basi dogo la kanisa lilibeba wazee kutoka nyumba hadi nyumba: babu aliyekatwa mguu kwa kisukari, mama wawili ndugu ambao hawakuwa wakisemeshana tangu mazishi ya baba yao wakakaa kiti kimoja, kijana wa chuo cha A&T aliyepiga kura mara ya kwanza, mashavu yametoka chunusi, karatasi ameishika kwa mikono miwili. Ndani ya basi kulinuka pafyumu na dawa za kuchua. Usiku televisheni ikatangaza: Mel Watt, wakili wa Charlotte aliyeendesha kampeni ya Gantt miaka miwili nyuma, amelichukua Jimbo la Kumi na Mbili, na Eva Clayton amelichukua la Kwanza. Bi Mkubwa hakupiga kelele. Alikwenda ukutani akageuza kalenda, akaandika nyuma yake miaka miwili, 1901 na 1992, akatoa hesabu, akapiga mstari chini kama alivyokuwa akifanya ubaoni.

Miezi michache baadaye mambo yakafika Mahakama Kuu ya Marekani. Wakazi watano wa Durham, Wazungu, walikuwa wameshtaki, wakiongozwa na profesa wa sheria wa Chuo Kikuu cha Duke, Robinson Everett. Juni 1993, kwa majaji watano dhidi ya wanne, Mahakama ikasema jimbo lililochorwa kwa umbo la ajabu namna ile, likaelezeka kwa rangi tu, linaweza kuvunja katiba. Jaji Sandra Day O'Connor ndiye aliyeandika. Humo imo habari ambayo mimi niliijua kwa usukani: kwamba kwenye wilaya moja gari linaloelekea kaskazini liko jimbo hili, na linaloelekea kusini liko jimbo jingine, na ukivuka wilaya wanabadilishana. Imo pia kauli ya mwakilishi mmoja wa Raleigh, kwamba ukiendesha barabara ile milango yote miwili ya gari ikiwa wazi utawaua karibu wakazi wote wa jimbo. Watu walicheka sana kauli hiyo. Kinyozi wangu hakucheka. Aliuliza kwa nini hakuna aliyekwenda mahakamani kwa umbo katika ile miaka 90, majimbo yalipokuwa mazuri kutazama na weusi hawamo.

Kinyozi alisema kweli. Lakini iko kweli nyingine, nami nilikuwa na sababu ya kuiona mapema, maana nilizaliwa Wete, Pemba, na Julai 1963 nilikuwa mtoto wa kutosha kusikia wakubwa wakibishana barazani, karafuu zimeanikwa majamvini, kuhusu uchaguzi ambamo chama kilichopata zaidi ya nusu ya kura za Unguja na Pemba kilipata viti 13 tu kati ya 31. Kura zake zilikuwa zimerundikana mahali pamoja na kupungua pengine. Baba alinyamaza muda mrefu, kisha akasema kwamba aliyekata majimbo amepiga kura kabla yetu. Miezi sita baadaye yakaja mapinduzi ya Januari 1964, na unajua yaliyofuata. Hayo si ya leo. Nilikumbuka baraza ile nilipoitazama ramani ya North Carolina. Ukiwarundika weusi majimbo mawili, majimbo kumi yaliyobaki yanapungukiwa nao, na mbunge wa majimbo hayo hana tena haja ya kuwapigia hodi. Mwaka 1992 Wademokrati walikuwa na viti 8 kati ya 12. Mwaka 1994 wakabaki na 4. Zipo sababu nyingine, mwaka ule Warepublikani walishinda Marekani nzima, lakini wakuu wa chama cha Republican walikwishaona faida ya majimbo ya namna hiyo tangu mwanzo. Nilimuuliza Bi Mkubwa kama bei haikuwa kubwa. Akaniambia kwamba Wademokrati wale Wazungu alikuwa amewapigia kura tangu ujana, na hakuna hata mmoja aliyejibu barua zake kwa mkono wake. Watt alimjibu. Alinionyesha barua. Mpaka leo siwezi kumwambia mtu kwamba jimbo lile lilikuwa kosa, wala siwezi kumwambia kwamba halikugharimu.

Nilipata uraia, na kura yangu ya kwanza, Novemba 1996, niliipigia kwenye jimbo lile lile la barabarani, ingawa Juni ya mwaka huo Mahakama ilikuwa imelivunja. Uchaguzi ulikuwa karibu mno kubadili. Likachorwa upya 1997, likachorwa tena 1998, kesi zikaendelea hadi 2001, Mahakama iliposema basi, mchoro huu ni wa siasa za vyama zaidi kuliko rangi, kwa hiyo unaruhusiwa. Shika maneno hayo. Yalipotamkwa yaliwanusuru weusi. Baadaye yakawa mlango wa wengine.

Bi Mkubwa alikufa kabla ya mwaka 2010, na kwa hilo namshukuru Mungu, maana mwaka huo Warepublikani waliichukua Raleigh yote, mabaraza yake mawili, mara ya kwanza kwa zaidi ya karne, na ramani iliyofuata ilikuwa kazi ya mtaalamu wao, Thomas Hofeller. Zama za penseli zilikuwa zimekwisha. Kompyuta iliweza kuchagua mtaa kwa mtaa. Walichukua Jimbo la Kumi na Mbili, lililokuwa likimchagua Watt bila shida, wakalijaza weusi zaidi mpaka wakavuka nusu, wakidai sheria ya 1965 inawalazimisha. Mwaka 2012 Wademokrati wa North Carolina walipata kura nyingi kuliko Warepublikani kwa jumla ya majimbo yote, wakaambulia viti 4 kati ya 13. Mwaka mmoja baadaye Mahakama Kuu ikauondoa ule uangalizi wa Wizara ya Sheria, na Raleigh ikawa haina wa kumuuliza.

Februari 2016 mahakama ya shirikisho ikaivunja ramani hiyo: rangi imetumika mno. Karatasi za kura za mchujo wa Machi zilikuwa zimekwisha kuchapishwa. Basi Machi tulipewa karatasi zenye majina ya wagombea ubunge, tukaweka alama, na alama hizo hazikuhesabiwa. Tukaitwa tena Juni, na Juni wakaja wachache mno. Ramani mpya ilitengenezwa kwa kanuni iliyosemwa wazi kamatini na David Lewis, mmoja wa waliosimamia kazi hiyo: lengo ni viti 10 vya Republican na 3 vya Democratic, kwa sababu haoni namna ya kupata 11 kwa 2. Alijua anachosema. Rangi imekatazwa, siasa haijakatazwa. Na kule kwetu weusi tisa kati ya kumi hupigia kura chama kimoja, kwa hiyo ukiwakata kwa chama umewakata kwa rangi, ukiwa umekingwa na sheria.

Mstari ukapita ndani ya A&T. Huenda hukijui chuo hiki, mwanangu: ndicho kikubwa kuliko vyuo vyote vya kihistoria vya weusi Marekani, na ndiko walikotoka vijana wanne waliokaa kwenye kaunta ya Woolworth tarehe 1 Februari 1960 wakaagiza kahawa wakanyimwa, wasiondoke. Sanamu yao imesimama chuoni. Mstari wa 2016 ulifuata Mtaa wa Laurel, unaokatiza chuo, nusu ikaingia Jimbo la Sita na nusu la Kumi na Tatu, na kila nusu ikamezwa na mashamba na vitongoji vya Wazungu. Nilikuwa nimestaafu gari la mikate, nikiendesha lile lile basi la kanisa siku za uchaguzi. Msichana mmoja wa uhandisi, nywele amezifunga kitambaa cha rangi ya chuo, aliniuliza mbunge wake ni nani. Alikuwa amehama bweni Agosti, akavuka mtaa, akavuka na jimbo. Fomu yake ilikuwa na anwani ya zamani. Kituo kimoja kikamwambia aende kingine, kingine kikampa karatasi ya muda. Nikawa nawabeba kutoka upande hadi upande wa mtaa ambao kwa miguu ni hatua chache. Na Alma Adams, aliyefundisha sanaa miaka mingi Chuo cha Bennett hapo jirani, mama wa kofia, mbunge wetu baada ya Watt, jimbo lake lilipelekwa lote Charlotte. Akahama Greensboro kulifuata. Pande zote mbili za Mtaa wa Laurel zikachagua Warepublikani, 2016 na tena 2018.

Juni 2019 Mahakama Kuu ikatoa uamuzi wake juu ya ramani hiyo hiyo. Jaji Mkuu John Roberts aliandika kwamba mipaka yenye upendeleo mno wa chama huzaa matokeo yanayoonekana si ya haki, lakini si kazi ya mahakama za shirikisho kuipima. Jaji Elena Kagan alisoma upinzani wake kwa sauti mahakamani. Nilisikia habari zake kwenye redio, nimeegesha gari mbele ya ile iliyokuwa nyumba ya Bi Mkubwa. Ilikuwa imepakwa rangi ya kijivu na kodi yake ya mwezi imeshinda mshahara wangu wa 1991.

Iliyobaki ni habari ya majaji wa North Carolina wenyewe, na ndiyo sababu nakuandikia sasa, kwa kuwa binamu yako anayesoma A&T aliniambia hana haja ya kupiga kura. Mwishoni mwa 2019 mahakama za North Carolina ziliilazimisha Raleigh kuchora upya, na 2020 Greensboro ikawa nzima. Mwaka 2022, kwa ramani iliyosimamiwa na mahakama, viti vikaenda 7 kwa 7. Novemba hiyo hiyo wingi wa Mahakama Kuu ya North Carolina ukabadilika kwa kura, na Aprili 2023 majaji wapya wakaufuta uamuzi wa wenzao. Raleigh ikachora tena. Guilford ikakatwa vipande vitatu. Mbunge wetu, Kathy Manning, akaona hapana pa kugombea. Na 2024 viti vikawa 10 vya Republican kwa 4 vya Democratic. Katika Jimbo la Sita chama cha Democratic hakikuweka hata mgombea. Binamu yako alikuwa na haki ya kuuliza aende kufanya nini.

Nilimwambia ageuze karatasi, atazame chini, kwenye jaji wa Mahakama Kuu ya North Carolina. Kiti cha jaji huchaguliwa na North Carolina nzima. Hakuna mstari wa kukikata. Alikwenda, miguu mizito, lakini alikwenda. Katika kura zaidi ya milioni 5, Jaji Allison Riggs alimshinda Jefferson Griffin kwa kura 734. Griffin akapinga kura zaidi ya 60,000, orodha zikatolewa hadharani, na kwa miezi sita watu wa mtaa wetu walikuwa wakijitafuta majina. Jirani yangu, muuguzi wa zamu ya usiku, alijikuta humo. Alinijia na bahasha ya nailoni: cheti cha kuzaliwa, leseni, bili za umeme za miaka kumi na tano, zote amezipanga kwa tarehe. Mei 2025 jaji wa shirikisho akaamua kura hizo zisifutwe, na Griffin akakubali kushindwa. Binamu yako ndiye aliyekwenda kumpa muuguzi habari, na waliponirudia mlangoni walikuwa tayari wanabishana kuhusu kiti kingine cha jaji, cha 2026.